Upepo huu umetoka wapi? Mwongozo kamili wa kuusoma, kuanzia jiko la mkaa hadi kaskazi na kusi

Shuleni nilifundishwa upepo mara mbili, na mara zote mbili nikapewa nusu. Kwenye Historia tuliambiwa pepo za msimu zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi: kaskazi ikayaleta, kusi ikayarudisha. Kwenye Jiografia tukachora duara la dunia, tukalijaza mishale iliyopinda, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba mishale ile na majahazi yale ni habari moja. Nimeandika mwongozo huu ili mwingine asisubiri miaka niliyosubiri mimi.

Ukifuata hatua hizi utaweza kusimama uani kwako au ufukweni, ukajua upepo unatoka upande gani, ukautaja kwa jina, kisha ukaufuata nyuma hadi ulikozaliwa. Utahitaji daftari, dira (ya simu inatosha), kipande cha kitambaa chepesi, na uvumilivu wa kama wiki mbili.

Hatua ya 1: Utaje upepo kwa unakotoka

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Upepo wa kusini ni ule unaotoka kusini, hata kama unakwenda kaskazini. Ukisikia taarifa ya hali ya hewa ikisema "upepo utavuma kutoka kusini mashariki", geuza uso wako upande huo. Ndiko unakotoka, na ndiko utakakopigwa nao usoni. Ukitumia programu ya simu utaona digrii: 0 au 360 ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Nazo pia hutaja unakotoka.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia kukumbuka. Kaskazini ni kaskazi ukiiongezea -ni ya mahali, yaani kule inakotoka kaskazi. Kusini vivyo hivyo ni kwenye kusi. Watu wa pwani hawakuuita upepo kwa jina la upande wa dunia. Waliuita upande wa dunia kwa jina la upepo. Mashariki na magharibi tuliyachukua kwenye Kiarabu, nayo yanahusu kuchomoza na kuzama kwa jua. Kwa hiyo dira yetu ina pembe mbili za jua na mbili za upepo, na hao wawili, jua na upepo, ndio tutakaoshughulika nao hadi mwisho.

Hatua ya 2: Uone upepo ukizaliwa, jikoni

Washa jiko la mkaa mahali pasipo na upepo, nje au penye hewa ya kutosha. Mkaa ukishakolea, sogeza kijiti cha udi kinachofuka karibu na kile kijimlango cha chini pa kutolea majivu. Moshi utaingia ndani ya jiko. Hakuna aliyeupuliza.

Kilichotokea ni hiki. Hewa iliyo juu ya mkaa imepata joto, imetanuka, imekuwa nyepesi, imepaa. Hewa ya nje ni baridi zaidi na nzito zaidi, kwa hiyo imesukumwa kuingia kwa chini kujaza nafasi. Ule mwendo wa chini, wa kuingia, ndio upepo. Zingatia kwamba hewa ya nje ndiyo iliyosukuma kwa uzito wake. Uzito huo tunauita mgandamizo wa hewa, nao kwenye usawa wa bahari ni wastani wa hektopaskali 1013. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa ikaenda penye mgandamizo mdogo. Tofauti ikiwa kubwa ndani ya umbali mfupi, upepo huwa mkali. Ikiwa ndogo, tanga hulala.

Sasa badala ya mkaa weka jua. Karibu na Ikweta miale huja karibu wima na kuichoma ardhi sawasawa. Kuelekea kwenye ncha za dunia miale hiyohiyo huja kwa mshazari na kutawanyika kwenye eneo kubwa. Joto halilingani, mgandamizo nao haulingani, na hewa haitulii.

Hatua ya 3: Jifunze upepo mdogo kabla ya mkubwa

Nchi kavu hupata joto haraka na kulipoteza haraka. Maji huchelewa kwa yote mawili. Kuanzia asubuhi ya saa nne au saa tano hivi nchi imeshapata joto, hewa yake inapaa, na hewa ya baharini inaingia. Upepo huo wa baharini hukolea alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi imepoa, bahari bado ina uvuguvugu, hewa inatoka bara kwenda baharini hadi karibu na mapambazuko. Wavuvi wa pwani wanauita upepo huo wa bara umande, na mwenye ngalawa hahitaji kuelezwa faida yake: hutoka nao alfajiri, akarudi na upepo wa bahari mchana.

Ziwa Victoria ni mahali pazuri pa kuuona mfano huu kwa ukubwa, na pia kwa hatari yake. Mchana ziwa hupuliza kwenda nje pande zote, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya nchi kavu inayolizunguka. Usiku pepo za nchi kavu hutoka kila upande, Mwanza, Bukoba, Kisumu, upande wa Uganda, zikakutana katikati ya ziwa. Hewa inayokutana haina pa kwenda ila juu. Inapanda, inakuwa wingu, inakuwa radi. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwani hupiga usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mvuvi anayelijua hili hutazama anga la katikati ya ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi. Anga la nyumbani kwake linaweza kuwa jeupe kabisa.

Hatua ya 4: Zungusha karatasi uone kwa nini upepo hupinda

Kama joto na mgandamizo vingekuwa peke yao, upepo wote wa chini ungekwenda moja kwa moja kutoka kwenye ncha hadi Ikweta. Hauendi hivyo, kwa sababu dunia inazunguka chini yake.

Kata karatasi duara, itoboe katikati, ipachike kwenye msumari uliopigiliwa ubaoni. Mtu mmoja aizungushe polepole kinyume cha mishale ya saa. Wewe shikilia rula juu yake bila kuitikisa, uchore mstari kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkono wako umekwenda sawasawa, lakini mstari kwenye karatasi umepinda kulia. Ukiitazama dunia kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini, inazunguka hivyo hivyo. Kwa hiyo katika kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa Ikweta, upepo hupindia kulia kwake. Rudia huku karatasi ikizungushwa upande wa pili: mstari unapinda kushoto. Huko ni kizio cha kusini, ilipo Tanzania yote na nusu ya Kenya.

Msukumo huu umepewa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeandika hesabu zake mwaka 1835 akishughulikia mashine zinazozunguka, si hali ya hewa. Karne moja kabla yake, mwaka 1735, Mwingereza George Hadley alikwishaona kwamba mzunguko wa dunia ndio unaozipindisha pepo za tropiki. Mtu aliyesimama kwenye Ikweta anabebwa kwenda mashariki kwa takribani kilomita 1,670 kwa saa. Aliye kwenye digrii 60 kaskazini au kusini mwa Ikweta anabebwa kwa nusu ya hapo. Hewa inayotoka mbali kuja Ikweta inafika na mwendo mdogo, inaachwa nyuma na ardhi, na kwetu inaonekana kama inatoka mashariki.

Mambo mawili ya kushika. La kwanza, kwenye Ikweta yenyewe upindaji huu ni sifuri, na hukua kadiri unavyoelekea kwenye ncha. La pili, unahitaji umbali mkubwa na muda ndipo uonekane. Nanyuki kule Kenya na Kayabwe kule Uganda, wageni huonyeshwa maji ya beseni yakizunguka upande huu kusini mwa mstari na upande ule kaskazini mwake. Maji yale yanafuata jinsi yalivyomiminwa. Beseni ni dogo mno kwa dunia kuyapindisha maji yake.

Hatua ya 5: Ipange mikanda ya dunia

Hapa tutapita haraka, maana unahitaji ramani ya jumla tu kichwani. Hewa hupaa karibu na Ikweta, husambaa juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka kwenye digrii 30 hivi. Hewa inayoshuka hukandamiza na kukausha, ndiyo maana Sahara, jangwa la Arabuni na Kalahari ziko karibu na mistari hiyo. Sehemu ya hewa hiyo hurudi Ikweta kwa chini ikipinda, ikawa upepo wa kaskazini mashariki katika kizio cha kaskazini na wa kusini mashariki katika kizio cha kusini.

Kati ya digrii 30 na 60 upepo unaotawala hutoka magharibi. Ndugu zetu walioko London wanaujua. Mvua yao nyingi hutoka Bahari ya Atlantiki. Na ukiruka kutoka New York kwenda London utafika mapema kuliko ukirudi, kwa sababu huko juu kuna mto wa hewa wenye kasi unaokimbilia mashariki. Karibu na ncha upepo hutoka mashariki tena.

Hatua ya 6: Sasa ziweke kaskazi na kusi mahali pake

Zile pepo mbili za tropiki, ya kaskazini mashariki na ya kusini mashariki, hukutana kwenye mstari wa mawingu ambao wataalamu wetu wa hali ya hewa huuita Ukanda Mvua. Ukanda huu hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Januari uko kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Julai umekwishavuka Ikweta, uko mbali kaskazini. Duniani kote unahama, lakini kwenye Bahari ya Hindi unahama kuliko kwingine, kwa sababu bahari yetu imefungwa upande wa kaskazini na bara kubwa kuliko yote. Asia inapochemka na inapopoa, sisi tunapulizwa.

Anza na Julai. Bara Hindi na nyanda za juu za Tibet zimepata joto kali, mgandamizo umeshuka. Kusini, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, ni majira ya baridi na mgandamizo ni mkubwa. Hewa inaondoka huko. Kwa kuwa iko kizio cha kusini inapinda kushoto, kwa hiyo inatufikia ikitoka kusini mashariki: hiyo ndiyo kusi, yenye ubaridi wa kipupwe na bahari iliyochafuka. Inafika Ikweta, na hapo msukumo wa kushoto unakufa. Ikivuka, unaanza msukumo wa kulia. Upepo uleule uliokuwa wa kusini mashariki Mafia unakuwa wa kusini magharibi pwani ya Somalia. Unaendelea mbele, ukaipa Salalah kule Oman manyunyu na kijani chake cha kharifu, na ukabeba mvua hadi Kerala, kusini mwa India, ambako kwa kawaida hutarajiwa tarehe 1 Juni. Kwa hiyo mwenye jamaa Dhofari, mkoa wa Salalah, na mwenye jamaa Kilwa wanashiriki upepo mmoja kwenye vituo viwili tofauti.

Januari picha inapinduka. Asia imepoa, mgandamizo wake ni mkubwa, na Ukanda Mvua uko kusini yetu. Hewa inashuka kutoka Arabuni ikipinda kulia, inapita Lamu na Mombasa ikitoka kaskazini mashariki: ndiyo kaskazi, nyepesi kuliko kusi, yenye joto. Ikishavuka Ikweta na kusonga kusini inaanza kupinda kushoto, na ukiwa upande wa Komoro na kaskazini mwa Madagaska utaikuta ikitoka kaskazini magharibi. Hata mkondo wa bahari wa pwani ya Somalia hugeuza njia kufuata pepo hizi.

Majahazi ya Sur na Maskati, kule Oman, yaliisoma ratiba hii kwa ustadi mkubwa. Yalishuka na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, yakafanya biashara Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi Aprili kusi inapoanza ingali mpole, kabla ya Juni na Julai bahari haijawa ya kuvunja vyombo. Anayetaka kuona gharama ya kutoijua ratiba amtazame Vasco da Gama. Mwaka 1498 aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akaivuka bahari hadi Calicut, India, kwa siku 23 hivi. Kurudi hakusubiri kaskazi. Uvukaji ulimchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipotoka Malindi Januari 1499 aliagiza meli moja ichomwe kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kati ya misimu hii kuna vipindi ambavyo upepo hauna msimamo. Watu wa bahari huviita maleleji, au tanga mbili. Kwenye daftari lako vipindi hivyo vitakuja pamoja na mvua, na si kwa bahati: ni Ukanda Mvua unapita juu yako. Ukipanda kaskazini unatoa masika ya Machi hadi Mei. Ukishuka kusini unatoa vuli ya Oktoba hadi Desemba. Songea na Mbeya wako karibu na mwisho wa safari yake, ukanda unafika na kugeukia hukohuko, ndiyo maana wana msimu mmoja mrefu wa mvua badala ya miwili.

Hatua ya 7: Tazama milima iliyo karibu nawe

Hewa hufuata njia rahisi kama maji. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zinasimama kama ukuta upande wa magharibi wa kusi, hewa inabanwa kandokando yake na kupata kasi kubwa kilomita moja hivi kutoka usawa wa bahari. Penye mwanya inajipenyeza. Mwanya maarufu ni ule kati ya nyanda za Ethiopia na za Kenya, unakopita upepo wa Turkana mwaka mzima ukitoka kusini mashariki. Huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, imesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Kama unaishi bondeni au kwenye mteremko, kumbuka pia kwamba mchana hewa hupanda mlima na usiku huteremka.

Hatua ya 8: Fungua daftari

Simika mti mrefu mahali peupe, mbali na nyumba na miembe, ufunge kitambaa chako juu. Vituo rasmi hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, kwa sababu karibu na chini majani, kuta na mabati hupunguza kasi na kupotosha upande. Hutafika mita 10, lakini panda kadiri unavyoweza.

Andika mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni, saa tatu usiku. Andika upande na nguvu. Kwa nguvu tumia macho, kwa kufuata ngazi 0 hadi 12 aliyoiasisi baharia Francis Beaufort mwaka 1805. Moshi ukipaa wima ni 0. Majani yakitikisika mfululizo ni 3. Vumbi na makaratasi yakiruka ni 4. Miti midogo ikiyumba ni 5. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukikushinda ni 6, yaani kuanzia kilomita 39 kwa saa. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo la "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa", ndipo hapo.

Baada ya wiki mbili soma ulichoandika. Kama asubuhi upepo unatoka bara na alasiri unatoka baharini, wa hatua ya 3 ndio unaotawala. Kama unatoka upande mmoja mchana na usiku, msimu umeushinda. Ukibaki na shaka, tazama mawingu ya chini yanakwenda wapi: yako juu ya vurugu za nchi na bahari, mara nyingi ndiyo yanayosema ukweli wa msimu. Kisha fungua ramani ya mgandamizo kwenye simu, utafute herufi H (mkubwa) na L (mdogo), uangalie kama mshale wako unatoka upande wa H na kupinda inavyopaswa.

Kwa walio mbali na Ikweta, Ulaya au Marekani, kuna njia ya haraka iliyotangazwa na Mholanzi Buys Ballot mwaka 1857: upe upepo mgongo, na mgandamizo mdogo utakuwa kushoto kwako. Katika kizio cha kusini utakuwa kulia. Nairobi na Kampala usiitegemee, maana mko karibu mno na mstari.

Hatua ya 9: Utambue upepo usiofuata ratiba

Kimbunga hakiwezi kujizungusha bila ule msukumo wa hatua ya 4, kwa hiyo ni nadra sana ndani ya digrii 5 za Ikweta. Mombasa iko ndani ya eneo hilo. Unguja, Mafia, Lindi na Mtwara ziko nje yake, na hazijasalimika kila mara. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Katika kizio chetu kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Upe upepo mgongo: kitovu chake kiko upande wako wa kulia. Upepo ukiwa unaongezeka nguvu lakini upande unaotoka haubadiliki, kitovu kinakuja moja kwa moja kwako. Ukigeuka taratibu, kinapita pembeni. Na ukizima ghafla katikati ya dhoruba, uko ndani ya jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile. Usitoke kutazama mabati wala chombo. Baki ndani hadi upepo wa pili nao upite.